Diski ya Mkobani

Alhamisi, Ntinda

Halafu Otieno ananiuliza, kwa sauti ya malaika, "Kwani faili zilikuwa zile zile, Mzee?"

Zilikuwa zile zile! Ndiyo maana ya seva ya pamoja: wahariri wanne wa video, kompyuta nne, hifadhi moja. Nimelieleza hilo mwezi mzima. Otieno alidhani folda anayoiona kwake ni nakala yake. Leo kompyuta yake ilipokuwa nzito, akaifuta folda hiyo "kupunguza mzigo". Mahojiano ya Bi Zaituni wa Kawempe, uti wa mgongo wa filamu yetu, yakatoweka kwa wote wanne. Na Bi Zaituni tulimzika mwezi uliopita.

Nilifoka. Nilimwita adui wa historia. Sikujiuliza kwa nini seva yangu tukufu haikuwa na nakala ya akiba popote. Nilikuwa nimeshughulika kuandika waraka, ule uliobandikwa mlangoni: MARUFUKU DISKI BINAFSI. Kurasa mbili nzima dhidi ya ubinafsi wa kuficha kazi mikobani.

Nakato, mhariri wetu mkongwe, alisubiri nimalize. Kisha akatoa mkobani diski iliyofungwa kwa leso.

"Ssebo," akaniita kwa heshima, "Bi Zaituni yuko hapa, mzima. Nilivunja sheria yako kila Ijumaa."

Mimi nina jibu kwa kila kitu, muulize yeyote. Safari hii nilivuta kiti, nikakaa.

"Nimrudishe mkobani," akauliza, "au unampokea?"

Nilimpokea kwa mikono miwili.

Waraka bado uko mlangoni. Kesho lazima niwahi kuubandua, kabla Otieno hajafika kuusoma kwa sauti.