Uzio wa Karakana ya Halmashauri

Kwako dada yangu mpendwa,

Mama hajambo. Mimi ndimi nisiyetulia: naketi, nasimama, narudi dirishani.

Serikali imetenga fedha ili halmashauri ziendeleze ardhi na majengo ya umma yasiyotumika. Nami, kwa kujivunia kalamu yangu, niliiomba halmashauri yetu ivunje karakana alikofanya kazi marehemu baba, pamoja na majengo yote yaliyomo ndani ya uzio, ili ijengwe zahanati. Ombi limekubaliwa lote.

Dada, nyumba ya mama imo ndani ya uzio huo. Kwa kuzoea kuiita kwetu, nilisahau kuwa ni mali ya halmashauri.

Jana mafundi walichora alama nyekundu mlangoni, wakasema kuna mwananchi aliyeomba. Mama akafoka, "Mwananchi gani? Huyo hakuzaliwa, aliokotwa!" Kisha akaniwekea karatasi mezani. "Baba, wewe ndiye msomi wetu. Hebu waandikie, uwachome."

Tangu asubuhi, kwenye karatasi hiyo nimeandika tarehe tu. Nakusihi uje kabla ya Ijumaa, siku ya kubomoa, umwambie wewe.

Nikingoja hatua zako,
Mdogo wako wa kiume