Soksi za Fundi Saa kwenye Kamba Yangu

Mpendwa mshauri, mimi si mtu wa kuomba msaada, kwa kawaida watu ndio wanaokuja kwangu, lakini safari hii jambo limenikaa kooni na sina wa kumwambia, kwa sababu wa kumwambia ni mke wangu na yeye ndiye jambo lenyewe.

Kwanza ujue unaongea na nani. Mimi ni fundi viatu. Si wa kubandika viraka, ni wa kushona kiatu tangu ngozi ikiwa imelala mezani mpaka kinatoka mlangoni kinatembea. Mahakimu wamehukumu watu wakiwa ndani ya viatu vyangu, maharusi wameolewa navyo, na kuna mkuu wa shule alizikwa navyo kwa wosia wake mwenyewe. Shule sikukaa sana, ndiyo maana mwandiko huu umelala upande, lakini mguu wa mtu naujua akiwa bado yuko mlangoni. Na mke wangu tangu nimuoe hajavaa kiatu cha duka hata siku moja.

Alikuwa muuguzi, sasa amestaafu. Mimi nilijua akistaafu tutakaa nyumbani tutazamane, kumbe mwenzangu alikuwa na mipango, maana kitindamimba wetu alimletea tikiti mbili za opera pale ukumbi wa maonyesho, naye akaniambia, "Baba watoto, twende," nikamwambia mimi nitoke kwangu nikasikilize watu wanagombana kwa kuimba, tena kwa lugha nisiyoijua, nikitaka ugomvi si nitafungua dirisha tu niwasikie majirani, basi akaenda na dada yangu. Alirudi macho mekundu. Nikauliza nani amekufa, akasema hakuna, ila kulikuwa na ndugu wawili wanagombea shamba la baba yao mpaka shamba likaungua, na yule mdogo akaimba peke yake majivuni. Mshauri, mimi na mdogo wangu tumegombea shamba kweli, mahakamani, na mwanamke huyu hakutoa hata chozi.

Tangu hapo hashikiki. Wamekuwa kikundi cha wastaafu, leo opera, kesho baleti, yaani ile ngoma ya kuchezea ncha za vidole, Jumatano sinema ya asubuhi. Sisemi sinema ni mbaya, mimi mwenyewe napenda filamu ya watu kupigana, lakini hizi zao mtu anatazama mvua dirishani mpaka filamu inakwisha, na wao wanatoka wanasema imewagusa. Akiosha vyombo anaimba nyimbo zile. Nikiingia jikoni ananyamaza, anasema, "Samahani, nimekupigia kelele." Hiyo ndiyo inayoniuma, anavyonyamaza.

Sasa katika kikundi hicho yumo Fundi Saa. Duka lake linatazamana na langu, mgane, ana vidole laini kama vya mtu asiyewahi kushika nyundo, na ndiye anayewaeleza wenzake hadithi kabla pazia halijafunguliwa. Nikamuita dada yangu mkubwa anipe habari.

"Dada, jana walikaa vipi?"

"Walikaa kwa makalio, kama watu wengine."

"Nakuuliza nani alikaa karibu na nani."

"Mkeo alikaa katikati, mimi huku, Fundi Saa kule. Ulitaka akae wapi, jukwaani?"

"Na walikuwa wanaongea?"

"Anamuuliza, yule anamjibu. Wewe ukiulizwa kitu si unasema upuuzi."

Nikaona hapa ukali hautafaa, hapa panataka ufundi. Mke wangu alikuwa ameniomba viatu vipya vya kuendea baleti Jumapili mchana. Nikamshonea, vizuri kupita vyote, ngozi ya kahawia, kisigino kifupi, lakini kati ya soli mbili nikaacha katikati pakavu bila gundi, ngozi kwa ngozi, mahali ambapo mguu unajikunja. Kiatu cha namna hiyo nyumbani kwenye zulia kinanyamaza. Ukikipeleka kwenye sakafu ya mbao kinalia kama mlango wa ghala. Ni kazi isiyowezwa na kila fundi, kukosea hivyo kwa makusudi bila kuonekana, na mpaka leo naisifu. Nilitaka viatu vilie mle ndani, watu wageuke, aone haya, arudi nyumbani akae.

Vililia. Dada yangu ananiambia ukumbi ulikuwa kimya kabisa, mchezaji amesimama kwa kidole kimoja, mke wangu anatoka maliwatoni anapita kwenye njia ya katikati, kwii, kwii, kwii, mpaka mpiga fidla akainua kichwa. Unadhani alirudi nyumbani? Alivua viatu, akavibeba kwapani, akaenda kukaa miguu mitupu. Na kwa kuwa mle ndani kuna baridi ya mashine, Fundi Saa akavua soksi zake, zake mwenyewe, alizozivaa, akampa, naye akazivaa mpaka mwisho.

Amerudi kwangu na soksi za mwanamume miguuni, mshauri. Za kijivu. Akaweka viatu juu ya meza yangu ya kazi, akasema, "Fundi, kazi yako inaongea." Nikamwambia sakafu yao ndiyo mbovu. Akanitazama, akaenda kufua. Sasa soksi zile zinaning'inia kwenye kamba yangu, kati ya shati langu na shuka letu, na kila nikitoka uani zinanipungia.

Halafu ndio nifike kwenye lenyewe. Mwisho wa mwezi kikundi kinapanda garimoshi kwenda mji mwingine kuona baleti kubwa, watalala huko siku mbili. Mimi safari naijua, mtu husafiri kwa msiba, kwa harusi au kwa kazi, hii ya kusafiri ili ukaangalie tu na kurudi ndiyo kwanza naisikia. Tikiti zimekwisha, Fundi Saa mwenyewe alichelewa akakosa. Mke wangu anazo mbili. Juzi akaja nazo karakana, akaweka moja juu ya kalibu, ule mguu wa mti ninaoshonea, mbele yangu, akasema, "Hii ni yako. Njoo basi uone mwenyewe. Ukikaa kimya mpaka siku yenyewe, nitampa aliyekosa." Umeona ujanja? Anajua nitakataa, ndiyo maana ananipa, ili apate njia ya kumpa yule.

Ninachotaka kwako ni kidogo. Gazeti hili analisoma mwanzo mpaka mwisho. Andika hapo kwa lugha yako nzuri kwamba mke wa mtu hasafiri na soksi za watu, aache, na kwamba mume wake ni fundi mkubwa. Hilo la pili hata ukianza nalo ni sawa.

Ni mimi, Fundi Viatu, mwenye mke wake.

*

Shikamoo mzee wangu. Nimekuamkia kwa ajili ya umri wako, maana kwa hicho kiatu ulichokishona ningepita bila salamu.

Nakuonea huruma, na sisemi hivyo kukuridhisha. Wivu wa mtu mzima unauma vibaya kwa sababu hauna pa kwenda. Kijana angepigana, wewe umebaki kuhesabu nguo kwenye kamba. Umemzoea mke anayerudi kutoka wodini amechoka, anakaa, anakutazama. Sasa amepata kitu kinachomliza na kumchekesha, na hicho kitu hukukishona wewe. Hapo nakuelewa. Nisichoelewa ni mengine yote.

Umemwita dada yako ampeleleze mkeo, na dada yako amekujibu vizuri kuliko nitakavyokujibu mimi. Mkeo anauliza maswali kwa Fundi Saa kwa sababu Fundi Saa anajibu. Hakuna siri zaidi ya hiyo. Ukitaka akuulize wewe, acha kumwambia upuuzi.

Kuhusu soksi. Mtu aliona mwanamke anatetemeka miguu, akampa soksi. Miguu hiyo ilikuwa mitupu kwa sababu ya nani? Ulimvua viatu mkeo mbele ya watu, mzee, halafu umekasirika kwamba mwingine amemfunika. Hata mimi niliyezoea barua za ajabu ilibidi niisome hiyo sehemu mara ya pili.

Na sasa nikuambie jambo ambalo limekupita, pamoja na ufundi wako wote. Huyo mama amekaa na harufu ya gundi yako maisha yake yote ya ndoa. Amekuona ukikata, ukishona, ukikagua. Unadhani hajui kiatu chako kikilia ni kwa nini? Wewe, ambaye hata hakimu hajawahi kukulalamikia? Anajua. Alijua tangu alipokiweka mezani. Amekaa nalo moyoni, hakukutangaza kwa majirani wala kwa watoto, na baada ya kujua hilo ndipo akaja karakana akakuwekea tikiti. Wewe unasema ni ujanja ili ampe Fundi Saa. Mzee, angetaka kumpa angempa; wangekwenda zao na wewe ungepata habari kwa dada yako. Amekuomba mara ya kwanza na opera, ukamjibu kuhusu dirisha. Amekuomba tena. Mwanamke anayemtaka mwingine hahangaiki hivyo na mume mkaidi.

Nadhani naijua hofu yako, ingawa hukuiandika. Unaogopa kukaa mle ndani usielewe chochote, usinzie, na Fundi Saa akuone. Basi sinzia. Nimekwenda kwenye opera mimi, na nusu ya ukumbi ilikuwa haielewi maneno, na robo ilikuwa inakoroma. Hakuna aliyefukuzwa.

Fanya hivi. Leo hii anua hizo soksi mwenyewe, usimtume mtu, vuka barabara umpelekee mwenyewe na useme asante. Neno moja linatosha, usianze kumhesabia mahakimu uliowashonea viatu. Ukirudi, fungua vile viatu, tia gundi palipokuwa pakavu, na umwambie mkeo ulichofanya na kwa nini, kabla hajakusaidia kusema. Usijisifu katikati ya kuomba radhi. Najua itakuwia vigumu. Kisha mwambie unakwenda. Usiweke masharti, usiulize nani atakaa wapi. Na mkifika huko, usipoelewa, inama umuulize yeye. Hatakuchoka. Amesubiri muda mrefu umuulize kitu.

Uliniomba nimwandikie mkeo, nami siwezi kukunyima.

Mama, najua unasoma. Mume wako ni fundi mkubwa. Amesema nianze na hilo. Ana wivu mpaka unatia aibu, na ni kwa sababu anakupenda na hajui pa kuliweka hilo pendo zaidi ya miguuni mwako. Asipokuja kusema neno mpaka usiku wa kuamkia safari, mpe tikiti aliyekosa, panda garimoshi, kaa dirishani, na usiwe na wasiwasi na chochote ulichoacha nyumbani. Akija, msogelee kidogo mle ndani taa zikizimwa. Hajazoea giza lenye watu wengi.