Treni ya Nassor Si Bembea

Al Hail, Maskati

Mdogo wangu Seif,

Assalaam alaykum. Vipi khali yako na ya watoto, na kifua cha wifi yangu kimepoa? Mimi mzima, ila joto la hapa halina huruma, hata maji ya bomba yanatoka yamechemka.

Salamu zimekwisha. Sasa kaa kitako, nna hasira na wewe. Simu zangu hupokei, basi barua hii nimempa shoga yangu Bi Zuwena akuletee mkononi, na nimemwambia asiondoke mpaka uimalize.

Juzi nilikwenda harusini Mabela. Nimevaa dhahabu zangu, nimekaa mbele, najiona na mimi karibu nitamuoza mwanangu Nassor. Kabla hata halua haijafika, mwanamke mmoja wa Unguja, jirani yao kina Salma, akaniinamia kunipa pole kwa posa ya mwanangu kwa Salma kukataliwa. Nikamuuliza kwa sababu gani. Akasema baba yake Salma alikuja kwako, wewe mjomba mtu, kukuuliza Nassor anafanya kazi gani huko Ufaransa. Nawe ukamjibu barazani, mbele ya watu: “Yuko kwenye treni ya kupandisha watalii mlimani. Inakwenda juu, inarudi chini. Haifiki popote.”

Kisha yule mwanamke akaniuliza, kwa upole kabisa, “Kwani bibi, ni bembea?”

Seif, halua ilipofika sikuila. Mimi, sikuila halua.

Treni ile mimi nimeipanda, wewe hujaipanda. Nassor alinichukua mwaka jana. Ni kongwe, mabehewa ya mbao, imeanza kupanda mlima ule kabla babu yetu hajaoa. Inaanzia Ufaransa na kileleni inavuka mpaka, unashuka unakunywa kahawa Hispania. Mimi nimeinywa. Chungu, haina hata hiliki, lakini nimeinywa nchi nyingine na hakuna askari aliyeniuliza kitu. Haifiki popote! Wewe Pemba tu hujafika.

Ni kweli inakwenda taratibu, kondoo walikuwa wanatupita. Lakini mlima wenyewe umesimama kama ukuta, treni ya kawaida ingeporomoka. Hii ina reli ya tatu katikati, ina meno kama msumeno uliolazwa, na chini ya gari kuna gurudumu la meno linaloyauma yale. Wakati wa kuteremka nilifumba macho nikasoma kila dua niliyofundishwa chuo cha Kurani. Nassor akacheka. Akanambia, “Fumbua macho, mama. Meno haya yote nimeyapapasa mwenyewe asubuhi.”

Ndiyo kazi yake. Abiria hawajaja, yeye keshalala chini ya gari anakagua, jino lililolika anataka libadilishwe. Mpaka aseme yeye, treni haiondoki. Nimemuona kwa macho yangu Mzungu wa koti zuri kasimama pembeni anamngoja Nassor, mtoto uliyekuwa ukimwita mzito wa hesabu.

Nimempigia simu. Kanambia, “Usigombane na mjomba. Kama hawanitaki, basi.” Akaikata simu mbio, anadhani sikujua kwa nini. Na Salma, khabari zake nnazo, hajasema hapana. Kasema atafuata neno la baba yake, na baba yake kafuata neno lako. Basi wewe uliyelitia ndiye utakayelitoa.

Ijumaa ukitoka msikitini, na kanzu yako hiyo hiyo, nenda kwa baba yake Salma ukamweleze kama nilivyokueleza. Ndani ya bahasha nimetia picha. Nassor alinikataza nisimuoneshe mtu: kalala chini ya gari, mafuta mpaka masikioni. Posa ilipokwenda tulipeleka ile ya suti. Mpe hii. Mwambie, huyu ndiye anayemposa binti yako.

Msalimie sana wifi yangu Asha, kanga zake anazo Bi Zuwena. Msalimie shangazi yetu Bi Mwanaidi, mwambie dawa ya magoti naitafuta. Wabusu watoto.

Saa uliyoniagiza nimeinunua, nzuri, ya rangi ya fedha kama ulivyotaka. Iko kabatini kwangu. Itakuja Unguja siku nitakapokuja mimi harusini, na usipokwenda Ijumaa ataivaa Nassor.

Dada yako, nakupenda hata leo,

Mama Nassor