Matimba Yaliyong'olewa kwenye Duara la Zamani

Baba,

Nipo chuo. Nasoma usanifu majengo, ila kwanza wamenianzisha mwaka wa msingi kwa sababu fizikia yangu ya kidato cha sita ilikuwa dhaifu. Nikifaulu ndipo naingia digrii yenyewe. Siku ya barua ya kupokelewa nilishika simu nikupigie, halafu nikakumbuka. Nilikasirika, nikaitupa simu kitandani.

Juzi mwalimu alitupa vijiti vya mishikaki na gundi, tujenge kitu cha kubeba matofali mawili. Wenzangu walijenga madaraja. Mimi nilijenga duara, shimo la dhahabu kama lile lenu la Masumbwe, nikapanga vijiti pembe kwa pembe kama ulivyopanga matimba, yale magogo ya kuzuia udongo. Tofali la pili likaliangusha lote. Mwalimu akaokota kijiti kimoja: "Hiki kilishapasuka kabla hujakitumia." Kweli, nilikitoa kwenye kazi yangu ya zamani iliyovunjika. Darasa likacheka. Nililia mbele za watu, Baba, na hakuna aliyejua kwa nini.

Wewe ulijua hatari ya mti uliopasuka! Mwenye duara alisema magogo mapya ni hasara, mkang'oe ya duara lililoachwa. Mkang'oa. Nilipoleta ugali nililiona moja nikiwa nyuma ya kamba ya kuzuia watu, limepasuka, linachuruzika maji. Nikakuita. Wenzako wakanifokea kwamba mwanamke hasogelei duara, dhahabu itakimbia. Na wewe, uliyenifundisha kupima ukuta kwa uzi na jiwe, ukasema, "Mayu, mwanangu, rudi nyumbani, unatuharibia kazi." Nikarudi. Saa kumi wakaja kumwambia mama kwamba udongo umeshuka.

Namkasirikia mwenye duara, hata mazishini hakuja. Nakukasirikia wewe zaidi, kwa sababu ulinisikia. Najikasirikia na mimi mwenyewe, kwa ile heshima yangu ya kijinga iliyonirudisha nyumbani.

Sasa sikia. Baba mdogo alipiga simu jana. Duara lako limefunguliwa tena, naye anashuka Jumatatu. Nikamuuliza matimba ni yapi. Akasema ni yaleyale, yamefukuliwa, mengi bado mazima. Nikapiga kelele mpaka jirani wa chumba akatoka nje. Baba mdogo akanijibu taratibu, "Mwanangu, wewe soma majengo. Huku ni mashimo."

Jumatatu hiyohiyo nina mtihani wa fizikia. Nimemwandikia mwalimu kwamba sitakuwepo. Anaweza kunirudisha mwaka, anirudishe. Kesho napanda basi. Nitaivuka ile kamba, nitakaa mdomoni mwa duara miguu ikining'inia ndani, na sitanyanyuka mpaka wayatoe magogo yale. Wakitukana, watukane. Dhahabu ikikimbia, ikimbie.

Kwaheri, Baba. Bado sijakusamehe, na sitaki kukudanganya. Ila nakuahidi, nikija kaburini Jumanne nitakuja na mdogo wako, anatembea kwa miguu yake mwenyewe.

Mwanao,
Minza