Ngozi Irudi Mahali Yake

Jumanne, 6 Mei 2025
Leo nyanya zangu za kuuza zimetoka vizuri hapa Gitega ya Kigali, zote zimeisha mbele ya mvua. Ningefurahi — lakini Silvère, bwana yangu, amerudi kazini anatembea kama mtu amebeba yai katikati ya miguu! Nikamuuliza, Papa Régis, iko nini? Eti mgongo. Mgongo gani unafanya mtu alie akikojoa? Nimemsikia nyuma ya nyumba, anaita Bikira Maria na watakatifu wote.

Jumatano, 7 Mei
Amesema! Asubuhi, akiangalia ukuta.

Silvère hakutahiriwa. Sisi tulikulia Burundi, wanaume wengi wa umri wake walibaki hivyo, hakuna aliyeuliza. Shida ni shantie. Wanajenga nyumba kubwa pale Kiyovu, na jioni wafundi wote wanaoga pamoja kwa mpira wa maji. Vijana wote wametahiriwa, wanamcheka: eti muzehe bado uko na koti!

Basi mwanaume mzima akafanya akili gani? Akivua nguo anavuta ngozi nyuma na kuiacha huko, ili aonekane kama wao! Jana akasahau kuirudisha. Ikavimba, ikakataa kurudi mbele. Usiku akaiosha na sabuni ya kufulia — na limao! Yesu weee!

Nikasema twende hospitali. Hapana, watakata. Na pale mapokezi iko mama mmoja wa kwaya yetu, Jumapili parokia yote itajua. Nikamwambia, Papa Régis, na ikioza ikaanguka yenyewe, kwaya itaimba nini? Akavaa viatu. Lakini kwanza ameniapisha kwa rozari ya mama yake, nisimwambie mtu hata mmoja. Mimi! Nimeapa.

Jioni — tumerudi. Muganga ni kijana, anaitwa Armel, hakucheka hata kidogo. Akapaka dawa ya ganzi, akashika pale, akabana polepole mpaka uvimbe ukapungua, halafu akasukuma. Silvère alipiga kelele moja, nafikiri mpaka Gahanga wamesikia. Ikarudi! Hakuna kisu!

Armel amesema ikikwama hivyo mtu aje siku ile ile, hakuna kungoja, maana damu inaweza kuacha kupita, na hapo ndipo mtu anapopoteza kitu chake kweli. Akatuonyesha na mkono wa koti lake jeupe: vuta nyuma polepole, bila nguvu. Osha na maji ya vuguvugu. Kausha. Halafu RUDISHA MBELE. Kila siku. Sabuni kali hapana, na limao ni ya samaki. Akitaka kutahiriwa, aje waongee, lakini siyo lazima, na siyo sababu ya vijana wa shantie.

Ijumaa, 9 Mei
Silvère anaoga akiimba. Mimi ninakufa! Winifred, yule jirani aliyekulia Uganda, anayeuza parachichi karibu na mimi, ameniuliza tena na tena: banange, mzee wako aliumwa nini? Nikasema mgongo. Habari tamu kama hiyo, na ninaimeza! Tumbo limejaa hewa.

Jumatatu, 12 Mei
Amerudi kazini. Wamemcheka tena kwenye maji. Eti amewajibu: mimi niko na koti yangu, nyinyi mtasikia baridi! Nimecheka mpaka nimeangusha beseni.

Jumapili, 18 Mei
Tumetoka misa. Alida, bibi wa Ndayisaba, wanapanga hapa hapa kwenye kiwanja chetu, amekuja kuomba limao. Uso uko chini. Eti bwana yake tangu jana jioni anakaa upande mmoja, hali chakula, hataki hata amguse.

Limao! Na Ndayisaba anafanya kazi shantie moja na Silvère!

Nikafungua mdomo — kiapo. Nikaufunga. Nikakimbia ndani. Papa Régis, nipe ruhusa, niseme hii moja tu, Ndayisaba yuko hivyo tangu jana! Armel alisema hakuna kungoja! Silvère alikuwa anakula muhogo. Akatafuna. Akatafuna. Akasema, wewe ukianza hutaacha. Akafuta mikono, akavuka kiwanja yeye mwenyewe, akagonga.

Mimi sikio kwenye dirisha lao, bila shaka. Ndayisaba anacheka: eti muzehe, unataka kuniona uchi siku ya Bwana? Halafu Silvère anasema polepole yote — mpira wa maji, vijana, kelele yake ile kwa muganga. Yote! Hakuna anayecheka tena. Halafu sauti ndogo ya Ndayisaba, kumbe na yeye bado ana koti:

"Watakata?"

"Mimi walinikata?"

Halafu Silvère ameita: "Alida! Lete kitambulisho chake! Na mto wa kukalia!"

Wameondoka sasa hivi kwa pikipiki mbili, Ndayisaba juu ya mto wa kochi, anauma midomo. Winifred amewaona, amekuja mbio, viatu mkononi: Mama Régis, wale wanaenda wapi?

Yote iko kwenye ulimi. Yote!

Nimesema, sijui.

Ameniangalia sana. Amenishika paji la uso — eti niko na malaria. Amekaa kwenye kochi langu, ameomba chai, anangoja niongee. Mimi ninaandika tu, ninauma kalamu. Na pikipiki bado sijazisikia zikirudi.