Nimetema Kikombe cha Marehemu Ukweni

Shikamoo Mzee Shio. Nisaidie upesi, maana harusi yangu ilikuwa iwe mwezi wa kumi na sasa sijui kama ipo. Mimi ni fundi lifti hapa Tbilisi, nina miaka thelathini na moja, nimelelewa na mama peke yake na kwetu kinywaji kilikuwa chai tu, sasa nikampata mchumba, Nutsa, wa huko kwenu mkoa wa Kakheti, na baba yake, Mzee Zakro, anatengeneza mvinyo kwenye mitungi mikubwa ya kuingia mtu mzima, iliyofukiwa ardhini hadi shingoni kama walivyofanya babu zake, nikaona aibu kwenda ukweni mjinga, nikajiunga na kozi ya kuonja mvinyo, Jumamosi nane, tukafundishwa kuzungusha glasi, kutumbukiza pua, kufyonza kwa meno kama mtu anayepoza uji, kisha kutema kwenye ndoo, kwa sababu mwonjaji wa kweli hamezi, na cheti nikapewa.

Jumapili nikaenda kujitambulisha. Vikombe viwili vya kwanza, cha kuombea amani na cha kuombea wazazi, nilimeza kwa woga. Cha tatu Mzee Zakro akasimama, wote wakasimama, akasema, "Hiki ni cha mama yangu Pelagia, aliyepanda mizabibu hii." Mimi nikaona ndiyo nafasi yangu, nikazungusha, nikanusa, nikafyonza, nikasema, "Napata ngozi, na zizi," nikatafuta ndoo, haipo, nikatema kwenye chungu cha mrehani.

Mzee akaniuliza taratibu, "Mama yangu ananuka zizi?"

"Hapana baba, nimesifu. Kwenye kozi zizi ni sifa."

"Na hicho ulichomwagia mrehani?"

"Ndiyo utaratibu, baba."

Mama mkwe akasema, "Mleteeni maziwa."

Nikaletewa, nikanywa. Sasa kuna mtungi ambao Mzee aliuziba mwaka Nutsa alipozaliwa, wa kufunguliwa siku ya harusi yake. Jumatatu ameuongezea udongo juu, toroli mbili, na kusema utafunguliwa kwenye mazishi yake yeye. Nutsa analia, anasema nenda kaombe radhi, mwalimu wa kozi anasema nisiombe, pua yangu haikukosea. Nifuate lipi?

Malkhaz, Tbilisi

MZEE SHIO ANAJIBU

Malkhaz mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili ili nicheke vizuri. Pole. Sasa kaa chini.

Mwalimu wako hakukudanganya. Mvinyo wa Zakro unanuka zizi. Ng'ombe wake wanalala hatua kumi kutoka kwenye mitungi, Kakheti nzima inajua, na miaka arobaini tunaunywa na kunyamaza kama watu wenye adabu. Kwa hiyo usiombe radhi kwa ajili ya pua, omba kwa ajili ya mdomo. Kutema ni kazi ya anayeonja mitungi sitini kabla ya chakula cha mchana na bado anataka kujua njia ya kwao. Wewe ulikuwa na kikombe kimoja, na ndani yake alikuwemo bibi wa watu. Marehemu hatemwi, bwana. Na kikombe cha marehemu hakisemewi kina ladha gani. Unamtaja aliyekufa, unameza, unakaa.

Unataka kuujua mvinyo? Vizuri, kiu ya kujua si dhambi. Weka cheti kabatini. Nunua mvinyo wa aina moja, unywe wiki nzima na chakula chako cha kila siku, mkate, jibini, maharage. Utaona unakausha ulimi kama chai iliyochemka kupita kiasi. Hayo ni maganda na vikonyo vya zabibu, huku kwetu hukaa humo mtungini majira yote ya baridi, ndiyo maana mvinyo wetu mweupe una rangi ya chai. Ukikubana mashavuni, huo ni uchachu, ndio uhai wake. Ukikuchoma puani unageuka siki, mshukuru mwenyeji na umuulizie mambo ya watoto wake. Wiki ya pili badilisha aina. Ukishajua tofauti ya hizo mbili, unajua zaidi ya shemeji yangu, na yeye ana duka la mvinyo.

Ama Zakro, usimpelekee maua wala maneno. Mwezi wa tisa, kabla zabibu hazijaiva, nenda umevaa nguo za kazi, mwambie, "Baba, nipe mtungi mtupu nikuoshee." Atakutukana kidogo, mwache. Wewe umezoea kuingia kwenye mashimo ya lifti, yeye goti lake halimruhusu tena. Kwanza shusha mshumaa kwa kamba. Ukizimika, humo hakuna hewa, usiingie, hata kama Zakro anakusukuma. Ukiwaka, shuka na brashi ya magome ya mcheri, usugue kuta zote mpaka mabega yakatae, na usiseme unanusa nini.

Atakuteremshia maji, utasuuza, atayavuta juu, tena na tena. Ndoo ya mwisho atakupa unywe. Ndiyo desturi, mwoshaji hunywa. Kunywa, umeze. Ukipata ladha yoyote, rudi usugue. Usipopata ladha hata kidogo, sema hivyo, umpe na yeye. Akinywa bila kukuangalia, mwambie Nutsa akapimwe gauni la harusi.