Mgeni wa Kishikwambi Alisalimiwa Kwanza

Baba Adela, Bwana asifiwe. Hapa Kasulu mvua imetulowesha mpaka kilemba, ila nakuandikia nikicheka.

Ule mchezo wa utalii, ambao wewe ulisema Adela akishindwa aache na somo lenyewe, nimeuona leo ukumbini kwenye mashindano. Mgeni anatokea kwenye kishikwambi, mwanafunzi anamtembeza mkoa wetu, na mgeni akiridhika anatoa nyota. Wenzake wote walimkimbiza mgeni moja kwa moja kwa sokwe. Adela wetu kabaki kwenye salamu! Anabonyeza makofi yetu ya Kiha, habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua. Nikamnong'oneza, "Harakisha wewe, somo linakwenda!" Mama mmoja Mkongomani wa kambi ya Nyarugusu akanishika mkono: "Mama, muache mutoto asalimie."

Mara mgeni akaridhika na salamu, nyota zikamiminika. Adela wa kwanza! Mwalimu akamuuliza, "Nani kakufundisha kupokea mgeni hivi?" Akajibu, ukumbi mzima ukisikia: "Baba."

Mungu ni mwema, mume wangu. Kesho tunarudi Busunzu. Utupokee mlangoni kwa makofi yote, usiruke hata moja.

Mama Adela